Mwenye Magodoro na Filamu ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi. Katika chumba cha mikutano juu ya duka la vitambaa, viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza ndefu. Waigizaji walikuwa wamekuja kusoma muswada kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Muswada wa filamu ya tatu. Chai ilikuwa mezani. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa.

Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Mwenye kiti hicho hakuwa na tabia ya kuchelewa. Kwa kawaida alifika kabla ya wote, akafungua madirisha mwenyewe. Saa tatu na robo mwongozaji wa filamu akampigia simu. Akapokea mkewe.

"Msimsubiri," mama yule alisema. "Ameondoka alfajiri. Moyo umesimama."

Tunamkumbuka leo mtu ambaye watoto wengi walimwita Mjomba Godoro. Alikuwa na kiwanda cha magodoro. Na yeye ndiye aliyetoa fedha za filamu mbili za familia ambazo wengi wenu mmezitazama na watoto wenu. Zimetokana na vile vitabu vitatu vya binti wa mshona viatu, anayemtafuta baba yake aliyekwenda kazini mbali asirudi. Vitabu ni vitatu. Filamu ni mbili. Na baba anapatikana katika kitabu cha tatu.

Nilimwalika kwenye kipindi hiki mara tatu. Mara zote tatu alikataa. "Mhoji mwongozaji," aliniambia. "Mimi natoa hela tu. Mtu wa kutoa hela atasema nini redioni?"

Alianza maisha kwa kujaza magodoro kwa mikono, katika kibanda cha mabati. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama huyo amenisimulia wiki hii, akiwa amekaa kwenye mkeka na shuka mabegani.

"Mume wangu alikuwa hasomi kitu ila risiti," alisema. "Mimi nawasomea watoto kitabu, yeye anapita na viatu vyake. Siku moja akasimama mlangoni. Akaniuliza, mama watoto, huyo baba yake yuko wapi? Nikamwambia, kaa usikilize kama wenzako. Akakaa. Sura ikaisha, nikafunga kitabu. Asubuhi nakitafuta, sikioni. Kumbe amekwenda nacho kiwandani!"

Miaka ikapita. Kiwanda kikakua. Watoto wake wakawa watu wazima. Lakini kile kitabu hakikumtoka. Alipopata uwezo, alimwendea dada wa mwandishi, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alikwishafariki, akanunua haki ya kuvifanya vitabu vile filamu.

Alikuwa na utaratibu wake, wasikilizaji, ambao sijausikia kwa mtoa fedha mwingine. Kabla ya kila filamu, Jumamosi mchana, aliwaita watoto wa wafanyakazi kwenye ghala la kiwanda. Walilala juu ya magodoro mapya, yangali na nailoni zake. Yeye akawasomea. Hakutazama kitabu sana, aliwatazama wao. Mahali ambapo mtoto aliinuka akakaa, alipiga alama ya penseli pembeni mwa ukurasa. Kisha alimpelekea mwongozaji kitabu. "Hapa usikate," alimwambia. "Hapa wameinuka saba."

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na wawili hao walitaniana kama shangazi na mjomba. "Mzee, wewe unauza usingizi," alimwambia siku ya kwanza ya filamu ya kwanza. "Halafu unatulipa sisi tuwanyime watu usingizi. Utafilisika!" Naye akamjibu, "Nyamaza ufanye kazi. Jua linatuacha."

Filamu ya kwanza ilitoka. Binti aliyeigiza alikuwa na miaka tisa. Ya pili ikatoka miaka miwili baadaye. Watoto walitoka sinemani wakiuliza swali moja: atampata lini?

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana ndilo linaloiumiza familia mpaka leo.

Walipokuwa wakirekodi filamu ya pili, mwongozaji alimwomba warekodi na ya tatu papo hapo, kwa mfululizo. Katika hadithi, binti anavaa gauni moja tangu mwanzo hadi mwisho, gauni aliloachiwa na baba yake. Fundi wa nguo alikuwa ameshalishusha pindo mara mbili.

"Mzee, mtoto huyu anakua," mwongozaji alisema. "Nipe miezi minne tu tumalize."

"Miezi minne ni ya shule. Mwaka ujao ana mtihani wa kumaliza darasa la saba."

"Atasoma hapa hapa. Tutamtafutia mwalimu."

"Akifeli, nimwambie nini mama yake? Kwamba nilikuwa na haraka?"

"Mzee wangu, filamu haisubiri."

"Hii itasubiri," alisema. "Ni yangu."

Wakasubiri. Binti akafanya mtihani. Akafaulu vizuri sana. Mjomba Godoro alimnunulia baiskeli. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe akalazwa hospitali, na maradhi ya moyo yakala mwaka mzima.

Kulikuwa na jambo la pili. Mkataba wa haki za kitabu aliusaini kwa jina lake, bila kukihusisha kiwanda. Mwanasheria alimwonya. Yeye akamjibu kwamba hataki siku moja mfanyakazi wake akose mshahara kwa sababu ya mapenzi ya tajiri kwa hadithi. Ni maneno ya mtu mwema. Lakini mtu akifariki, mali iliyo kwa jina lake inafungwa mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Hiyo ni kazi ya miezi. Na mkataba ulitaka filamu ya tatu ianze kurekodiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, la sivyo haki zirudi kwa dada wa mwandishi. Kurekodi kulipangwa kuanza siku kumi na mbili baada ya ile Alhamisi.

Mwongozaji amegonga milango ya matajiri wanne, wazinunue haki hizo upya. Wa kwanza alisema hamalizii kazi ya mtu mwingine. Wa pili alisema binti amekua mno. Wengine wawili hawakupokea simu. Kwa upande wa dada wa mwandishi, wapwa zake wameshazungumza na kampuni nyingine. Kampuni hiyo inataka kufanya katuni, na itaanza upya tangu kitabu cha kwanza.

Nilizungumza na mtoto wa kwanza wa marehemu, anayeongoza kiwanda sasa. Ni kijana mpole. "Simlaumu baba," alisema. "Lakini watu wananitazama kana kwamba filamu nimeificha mfukoni. Hata ningetaka, saini yangu haifanyi kitu kwa sasa. Wao wanadhani nakataa."

Na yule binti alikuja msibani na sare za shule. Ana miaka kumi na mitatu. Alipiga magoti mbele ya mjane. Alisema, "Bibi, ningefeli tu. Ningefeli, tungemaliza."

Mama yule amefundisha watoto kwa miaka thelathini na moja. "Nilimwinua, nikamkalisha kando yangu," alinieleza. "Sikumkatalia. Kwa sababu ni kweli, wangemaliza."

Nami, wasikilizaji wapendwa, nimekaa na maneno hayo wiki nzima.

Kwa niaba ya kituo hiki, ninampa pole mama, watoto na wajukuu wa Mjomba Godoro, pamoja na wafanyakazi wote wa kiwanda chake. Pole kwa mwongozaji na kundi lake. Pole za pekee kwa binti. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtoto nyumbani aliyeachwa na swali la filamu ya pili, tafadhali usimwambie asubiri. Mtafutie kitabu cha tatu, umsomee mwenyewe. Fikiria pia ni jambo gani unaloliahirisha kwa nia njema, na ni nani atakayelibeba kesho usipokuwepo.

Filamu ya tatu haitarekodiwa. Mafundi seremala walikuwa wamejenga nyumba ya vyumba viwili ndani ya ghala la kukodi, nyumba ambamo binti angemkuta baba yake. Wanaanza kuibomoa Jumatatu, saa mbili asubuhi.