Sista Taratibu, Aliyetunyang'anya Wagonjwa wa Wadi ya Kifua

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne katika wadi ya kifua, muuguzi wetu tunayemwita Sista Taratibu atavua sare tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, zamu ikiisha. Si saa tisa. Huyu mama na dakika zake hawajawahi kuachana.

Kazi ya kumwandikia alipewa kwanza daktari wa wadi. Akaleta mistari minne isiyosomeka, tukataka kuipeleka dirisha la dawa. Ndipo ikaangukia kwangu, mbeba mitungi ya oksijeni. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Lakini kwa maneno, jengo hili halijanipatia mpinzani. Nami sitazunguka mbuyu: huyu mama namwonea wivu, na ninao ushahidi.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, wadi ina vitanda kumi na viwili na mtungi mmoja unaogombewa. Leo vitanda ni thelathini, mitungi ishirini na mmoja, na yote imepita begani kwangu. Umesikia nikipewa jina la utani? Yeye la kwake alipewa na wagonjwa. Mtu anaingia anahema kama aliyefukuzwa na nyuki, macho yamemtoka, ndugu wanne wanamlilia masikioni. Sista anawatoa ndugu nje, anamkalisha mgonjwa wima, anamwekea mto juu ya meza auegemee, kisha anamwambia: taratibu, baba, wewe toa tu pumzi, kuingia itaingia yenyewe. Na kweli mtu anatulia. Mimi nikisema taratibu, mgonjwa ananiuliza mtungi umefika au bado.

Ana ujanja ambao ulinichukua mwaka mzima kuugundua, na mimi si mjinga. Anashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama anayepima mapigo ya moyo, anaitazama saa yake iliyobanwa kifuani, dakika nzima. Kumbe mapigo ameshamaliza zamani; anahesabu pumzi. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, anaziharibu, anaanza kupumua kwa maringo. Vilevile Sista humuuliza mgonjwa mgeni amekujaje hospitali. Nilidhani ni umbea. Kumbe anasikiliza mtu anafikisha maneno mangapi kabla ya kukata pumzi. Akifikisha matatu tu, Sista ameshanipungia mkono nilete mtungi, na hadithi ya safari anaimalizia kesho.

Halafu ile mikono. Anakunja kiganja kama kikombe, anampigapiga mgonjwa mgongoni, mtu anatema makohozi ya wiki nzima kisha anamshukuru kama aliyeletewa zawadi. Mtu huyohuyo nimempelekea oksijeni siku tisa, hata ahsante ya kukopa sikuiona.

Kasoro anazo, tusidanganyane. Mito minne mizuri kabatini kaifungia, ufunguo ulipo hajui mtu. Na mjomba wa mgonjwa mmoja, pande la mtu, aliingia ananuka sigara kama jiko. Sista, ambaye kimo chake kinaishia kwenye mfuko wa shati la yule bwana, alimsindikiza mpaka getini akimwambia: mjomba, mapenzi tumeyaona, moshi rudi nao nyumbani. Bwana akaenda kuoga, akarudi.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mwaka jana mama alilazwa kwetu. Mapafu yake yameliwa na moshi wa kuni, miaka arobaini ya kupikia watu. Sista alimwekea mpira wa puani, oksijeni kidogo sana, lita moja, akasema iishie hapo hapo. Mchana nikapita, nikaona mashine ya kidole, inayopima oksijeni ya damu, inasoma themanini na tisa. Mimi, mfalme wa mitungi, mama yangu apewe oksijeni ya kudokolewa kama chumvi? Nikafungua koki mpaka lita nane. Namba ikapanda: tisini na tano, tisini na tisa. Nikamwonyesha mgonjwa wa kitanda jirani, nikamwambia tazama kazi. Mama akalala usingizi mzuri. Nikawaambia watu wapunguze kelele.

Sista alirudi kutoka chakula cha mchana. Mashine hakuitazama hata kidogo. Alimshika mama mkono, akatazama kifua, akamwita. Mama akafungua jicho moja, akaniita mimi kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, akalala tena. Pumzi nane kwa dakika. Sista akarudisha koki chini, akapaza sauti kumwita daktari, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. Mama akafungwa barakoa ya mashine inayosukuma hewa, mpaka jioni. Mimi nilisimama ukutani.

Baadaye alinieleza. Mapafu yaliyozoea kidogo kwa miaka mingi, ukiyamwagia oksijeni, hewa chafu inashindwa kutoka, inajaa mwilini, na mtu anazama usingizini wewe ukidhani amepona. Namba nzuri, mgonjwa anaondoka. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: mwanangu, mapenzi yaweke moyoni, mkono toa kwenye koki.

Nilidhani atanifichia kosa. Hakunifichia. Aliandika yote katika daftari la matukio, nikatia sahihi mbele yake, barua ya onyo nikaipata. Lakini ni yeye aliyekwenda kwa matroni kusema nisifukuzwe, na ni yeye aliyenisimamisha kando ya vitanda wiki mbili nijifunze kuhesabu pumzi. Tangu siku ile, mtungi wa mgonjwa wa namna ya mama unafungwa kitambaa chekundu kwenye koki: usiguse bila muuguzi. Wadi nyingine zote zimeiga. Wanakiita kitambaa cha Sista. Vitambaa nilikata mimi, kwa mkasi wangu, lakini basi.

Mama alipozinduka, alimuulizia Sista kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimekaa pale pale, nimemshika mguu. Siku ya kuruhusiwa alimkumbatia yeye kwanza, mimi akanipa mfuko nibebe. Nyumbani sasa, akibanwa kifua, anafumba macho na kupuliza kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Nikimsogelea kumwelekeza, ananizuia kwa mkono: usinichanganye, namsikiliza Sista. Sista mwenyewe yuko mitaa saba kutoka hapo, anakula chakula chake! Nilipolalamika kwamba na mimi nimefundishwa, nikajibiwa: wewe mwanangu beba mitungi, una mabega ya baba yako.

Wiki iliyopita nikampa mama habari za Sista kustaafu. Akauliza ni nani atakayebaki wadini anayejua kuhesabu. Nikamtaja dada fulani, muuguzi kijana, aliyefundwa na Sista miaka mitano. Nikawataja wengine sita. Kisha nikajitaja, kwa sauti ndogo. Mama akasema: haya, basi na huyu mbeba mitungi ajaribu.

Sista, umetufundisha kazi, umetupa onyo kwa maandishi, umetuachia wagonjwa wanaotutazama sisi huku wakikutafuta wewe. Ahsante kwa yote, hata kwa barua. Nenda ukalale mpaka saa nne asubuhi, miguu juu, mito minne yote mgongoni. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi, na majirani wasiovuta sigara.

Mama atakuja kwenye sherehe. Ameagiza kiti chake kiwekwe kando ya chako, nami nimekiweka kwa mkono wangu. Wivu ninao bado, na dawa yake siitaki; lakini leo asubuhi amepanda ngazi za nyumbani mwenyewe, kasimama mara moja tu, na alipofika juu ameanza kunigombeza, sentensi nzima, bila kukata pumzi.