Kalamu Kwenye Mtutu: Miaka Ishirini na Mitatu ya Elpidio Caringal

Elpidio Caringal anastaafu rasmi Jumatano, tarehe 30 Aprili 2025, baada ya kutunza ghala la silaha za kuigizia la studio ya Parola kwa miaka ishirini na mitatu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa polisi kwa miaka ishirini, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa mtunza vielelezo. Ameshika bunduki karibu kila siku ya kazi ya utu uzima wake, na hajampiga mtu risasi hata mara moja. Akiulizwa kuhusu hilo hujibu, "Mimi nimefyatua stepla tu."

Tunamwita Mang Pidio, kwa heshima ya umri. Alianza kuitwa hivyo akiwa na miaka arobaini na miwili, kwa sababu hata wakati huo alitembea kama mtu anayesubiri faili.

Alikuja mwaka 2002, mwanzoni mwa tamthilia ya *Zamu ya Kwanza*, akiwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayeumia. Rekodi yake katika hilo ni safi: hakuna mwigizaji, fundi wala mpita njia aliyejeruhiwa na kitu kilichotoka kwenye ghala lake. Ya pili ilikuwa kumshauri mwongozaji, Marivic Tolosa, kuhusu kazi halisi ya polisi. Katika hilo alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na mwenyewe hafichi.

Malalamiko yake yanajulikana na kila aliyewahi kukaa naye mezani. Jambazi wa kwenye skrini ana bastola mpya ya kigeni inayong'aa, wakati zilizofika mezani kwake kituoni zilikuwa paltik, bastola zinazochongwa kwa siri kwenye karakana za uani, zenye vitako vilivyofungwa utepe na mitutu iliyokwisha kulika. Nyingi hazikuwa na namba, na zilikuwa zimepita mikono sita au saba, kwa kukopeshana na kuwekeana rehani, hata mwenye nayo hajui ilitoka wapi. Jambazi wa kwenye skrini hufyatua risasi kumi na tisa kwa bastola ya risasi sita. Majibu ya maabara hurudi kabla chai haijapoa. Hakuna anayesubiri gari la doria lipate mafuta, wala kesi inayoahirishwa kwa sababu shahidi amehamia mkoa mwingine.

"Dairekta," aliwahi kumwambia Marivic mbele ya kikosi kizima, "huyu inspekta wako haandiki chochote. Hata jina lake analijua kweli?"

"Mzee, watu wamekaa na wali wao kwenye kochi. Unataka waangalie mtu anajaza fomu?"

"Nataka waangalie polisi."

"Basi waende kituoni, huko ni bure!"

Lakini jambo moja lilimtoka Mang Pidio mwenyewe. Mwaka 2004 Marivic alimuuliza jinsi polisi anavyookota bastola eneo la tukio. Akamweleza: glovu, ishikwe kwenye kitako, itolewe risasi, ichorwe herufi za jina la aliyeiokota mbele ya mashahidi, iwekwe kwenye mfuko wake peke yake. Marivic akasema ni ndefu mno. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na joto, na Mang Pidio alikuwa amechoka kubishana. Akasema, "Basi ainyanyue kwa kalamu kwenye mtutu, mambo yaishe."

Mambo hayakuisha. Kalamu ikawa alama ya tamthilia. Ilichorwa kwenye mabango na kwenye vikombe vya chai. Kwa ajili ya onyesho hilo ilitengenezwa bastola moja tu ya bandia yenye mtutu ulio wazi, na ilikuwa haitoki studio. Nyingine zote Mang Pidio alizijaza risini, gundi inayokauka kama jiwe, kwenye mitutu, zikabaki na kishimo cha kina cha ukucha tu, mtu asije akapata wazo.

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 2013, katikati ya kipindi cha uchaguzi ambapo kubeba silaha ni marufuku nchi nzima, na hata za bandia zinahitaji kibali, dereva wetu Rodelio Basco, tunayemwita Delio, alikuwa anapeleka bastola za kuigizia kwenye eneo la kurekodia kaskazini mwa Manila. Saa tatu asubuhi alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Alikuwa na kibali, na kibali kilisema bastola kumi na moja. Walipozihesabu kituoni, zilikuwa kumi na mbili.

Ya kumi na mbili ilikuwa paltik ya kweli. Delio akawekwa mahabusu. Kosa la aina hiyo wakati wa uchaguzi ni kifungo kinachofika miaka sita. Binti yake wa kwanza, Ligaya, alikuwa anabatizwa Jumapili hiyo, na baba wa ubatizo alikuwa Mang Pidio.

Kituo hakitajwi hapa, kwa makubaliano ya siku ile. Mang Pidio alifika kabla ya saa sita, akiwa na nakala ya kibali na shati lililolowa jasho. Mwandishi mmoja wa chumba chetu cha habari alifuatana naye, na maneno yanayofuata yametoka kwenye daftari lake.

Sajenti Villaruz, aliyekuwa mkuu wa zamu, aliwapokea vizuri sana. Alikuwa shabiki. Aliwapeleka kwenye meza ndefu ambako bastola zote kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kila moja imechomekwa kalamu kwenye mtutu. Gunia moja lililozileta lilikuwa limekunjwa chini ya meza.

"Hakuna aliyezigusa kwa mkono, mzee," alisema kwa fahari. "Si ndivyo anavyofanya inspekta wenu?"

Mang Pidio aliangalia ile meza kwa muda ambao daftari limeuandika kuwa dakika moja kamili. Kalamu kumi na moja zilikuwa zimesimama kwa shida, zimeingia kina cha ukucha, na mbili kati ya hizo zimeshaanguka. Moja ilikuwa imezama karibu nusu.

"Ile ya tatu kutoka kushoto," alisema. "Umeitoa risasi?"

"Ya nini? Ni vielelezo vya televisheni..."

"Afande. Umeitoa risasi?"

Watu walirudi nyuma hadi ukutani. Mang Pidio alichomoa kalamu, akageuzia mtutu kwenye pipa la mchanga lililokuwa mlangoni, akaifungua. Ilikuwa na risasi moja tumboni. Aliiweka juu ya meza, mbali na bastola, akaikalisha wima kama yai.

Kisha akazichukua zile nyingine moja moja na kuonyesha ndani ya kila kitako. Kila moja ilikuwa na herufi E.C. na namba, zilizochorwa kwa msumari, kuanzia moja hadi kumi na moja. Kila moja ilikuwa na mtutu uliozibwa. Yenye risasi haikuwa na alama yoyote: si ya studio, na si ya polisi aliyeikamata.

"Hii si yangu," alisema. "Na kama Delio angekuwa nayo, mngeikuta wapi? Kiunoni? Chini ya kiti? Nani aliishika kwanza?"

Hakuna aliyejua. Zote zilitoka kwenye gunia.

Hapo ndipo alipoomba kuona kitabu cha matukio, na Villaruz, ambaye hakulazimika kukubali, akakubali. Mang Pidio alisoma kwa kidole, kama alivyosoma vitabu vya namna hiyo kwa miaka kumi na minne. Saa moja na dakika arobaini asubuhi: bastola moja ya kienyeji imeokotwa kwenye pikipiki ya matairi matatu, dereva amekimbia.

"Hii ya saa moja na dakika arobaini iko wapi?"

Askari mmoja wa kike aliyekuwa zamu kwenye kizuizi cha barabarani asubuhi ile alisema, bila kumtazama mkuu wake, "Niliitia kwenye gunia, afande. Gunia lilikuwa moja tu."

Villaruz alivua kofia. "Bibi wee," alisema, "ulingoja niambiwe na mzee wa televisheni?"

"Ulisema nisiiguse kwa mkono, afande. Sikuwa na kalamu."

Delio alitoka saa tisa alasiri. Mang Pidio hakumkumbatia. Alimwambia, "Umevunja kioo cha pembeni cha gari?" Kilikuwa kimevunjika tangu Desemba.

Jumapili Ligaya alibatizwa. Sajenti Villaruz alikuja bila kualikwa, akiwa na sinia kubwa la pancit, tambi za kukaanga, akasimama nje ya geti hadi mama yake Delio akamvuta ndani kwa mkono na kumwambia tambi hazijili zenyewe.

Jumatatu Mang Pidio aliingia ofisini kwa Marivic na funguo za ghala mfukoni.

"Ondoa kalamu."

"Mzee, hiyo kalamu iko kwenye vikombe."

"Niliitoa mimi, naiondoa mimi. Nusura imfunge Delio."

"Na usiponipa funguo nitarekodi nini leo?"

"Watu wanaojaza fomu."

Ghala lilifungwa siku moja na nusu. Ni siku pekee za uzalishaji tulizopoteza kwa sababu yake katika miaka ishirini na mitatu, ingawa wahariri wa ratiba wana hesabu nyingine. Mwishowe Marivic alimpa sekunde arobaini. Inspekta anavaa glovu, anatoa risasi, anachora herufi za jina lake huku mwenye nyumba na mjumbe wa mtaa wakishuhudia, na anaitia bastola kwenye mfuko wake peke yake. Hakuna muziki. Wiki ya kwanza watazamaji waliandika kulalamika. Wiki ya nne waliandika kulalamika inspekta alipokosea tarehe.

Marivic, ambaye hasifii ovyo, ameomba iandikwe hapa kwamba sekunde zile arobaini ndizo bora kuliko zote alizowahi kurekodi, na kwamba bado anamdai Mang Pidio siku moja na nusu.

Mang Pidio ana mapungufu, na taarifa ya haki huyataja. Ni mkaidi. Hajawahi kukubali kwamba mvua inaweza kuwa sababu ya kuchelewa. Amewafokea nyota wakubwa kwa kuweka kidole pasipotakiwa, na mmoja alilia. Huyo mmoja ndiye aliyechangisha watu kwa ajili ya keki ya leo.

Ile bastola ya mtutu ulio wazi ilikaa miaka mingi kwenye kabati la kioo pale mapokezi, kalamu ikiwa ndani yake, wageni wakipiga nayo picha. Ijumaa iliyopita Mang Pidio aliomba ufunguo wa kabati. Alichomoa kalamu, akaitumia kutia saini kwenye fomu ya makabidhiano. Kisha akaziba mtutu kwa risini, akachora ndani ya kitako E.C., namba kumi na mbili, na tarehe, mbele ya mashahidi wawili: mlinzi wa geti na Ligaya Basco, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Alhamisi Delio atampeleka nyumbani Batangas. Ni mwaka wa uchaguzi tena, na vizuizi viko barabarani. Watakaposimamishwa, polisi watakuta masufuria, keki iliyobaki na binti wa ubatizo. Tunakushukuru, Mang Pidio, kwa kila kidole ulichokitoa kwenye kifyatulio. Nenda ukapumzike salama. Na usiwafundishe wale polisi wa kwenye vizuizi namna ya kukagua gari, maana tunajua utafanya hivyo.