Bi Bonyeza, Aliyetufundisha kwa Umbea

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba katika shirika letu la umeme, mtunzi mkuu wa kozi za mtandaoni anastaafu. Jina lake kamili wanalo watu wa utumishi. Sisi humwita Bi Bonyeza, kwa sababu kozi zake za mwanzo hazikuwa na ukurasa usioishia na maneno "Bonyeza hapa kuendelea".

Alianza kama mwalimu wa chaki na ubao. Mafunzo yalipohamia mtandaoni, akahama nayo bila kinyongo. Kozi zake zilikuwa sahihi, nadhifu na, kama anavyokiri mwenyewe huku akicheka, dawa nzuri ya usingizi. Mafundi walizifungua, wakabonyeza mpaka mwisho huku wakinywa chai, wakachukua vyeti vyao.

Kisha fundi mmoja, aliyefaulu kozi ya usalama kwa alama zote, akashika waya wenye umeme. Mungu alimnusuru, akaungua kiganja tu. Bi Bonyeza alikwenda kumjulia hali hospitalini, na fundi akamwambia bila hasira, "Mama, kozi yako niliimaliza, lakini sikumbuki hata neno moja."

Maneno hayo yalimkata maini. Akaahidi kuitunga kozi upya, meneja akampa mwezi mmoja. Lakini kuahidi si kutenda. Alishinda mbele ya kompyuta kichwa kikiwa kikavu, akibadili rangi za slaidi, akiongeza picha na kuzifuta. Tulianza kumkwepa kwenye korido, maana kila aliyepita aliulizwa kama ana wazo.

Wazo lilimkuta nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao akitibiwa goti, na kila jioni alisimulia ugomvi wa majirani zake wawili juu ya ukuta. Mambo yakishapamba moto, bibi alinyamaza na kuomba maji. Jioni moja Bi Bonyeza akamwona mumewe, mtu asiyekubali kupitwa na mpira, anazima televisheni na kukimbilia jikoni kuyaleta hayo maji, ili tu ajue nani aliubomoa ukuta.

Kesho yake alifika ofisini uso umechanua. Kozi mpya ikawa mkasa wa fundi aliyeitwa Haraka. Kila kipindi kilikatika Haraka akiwa juu ya nguzo, na anayejifunza ndiye aliyeamua afanye nini. Ukikosea hukuandikiwa alama nyekundu; mkasa uliendelea, ukajionea mwenyewe yaliyompata. Msimulizi alikuwa mama mkwe, aliyerekodiwa ndani ya kabati la nguo ili sauti isirudi. Alipopewa karatasi asome, aliirudisha: "Umbea hausomwi, mwanangu. Unasemwa."

Wiki ileile simu za ofisi hazikupumzika. Mafundi walitaka kujua Haraka amefikia wapi. Kikosi kimoja kilibishana chini ya nguzo kama Haraka angepima laini iliyodhaniwa imezimwa. Ili kumaliza ubishi, wakapanda wakaipima, wakakuta ina umeme. Waliteremka wote wazima na kwenda kula chakula cha mchana.

Tangu hapo hakuturuhusu kukodolea skrini tupu. Mtunzi aliyekwama alifukuzwa ofisini kwa upole, akasikilize watu wanavyobishana saluni, au amtazame mpishi anavyomwelekeza mgeni wa jikoni. "Kiti hakizai wazo," alituambia. Tulikuwa tukirudi tumechelewa na tuna la kuandika.

Sasa amejiandikisha kujifunza kuogelea. Tumesikia kuwa siku ya kwanza, maji yakiwa magotini, alikwishamshauri mwalimu wake aanze somo kwa kisa. Mwalimu amekubali.

Bi Bonyeza, ahsante kwa mafundi wanaorudi salama kwa watoto wao kila jioni. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na maji yakupokee vizuri.