Breki Tulizozimiminia Mafuta ya Upako

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na mniitikie kwa nguvu, kwa sababu nimesimama hapa na shukrani mkono mmoja na hasira mkono wa pili, na zote mbili nitazisema.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Kendi wa kule mteremkoni, kabla hujafika Mikinduri. Kendi wangu ana miaka saba na miguu yake haijawahi kumsimamisha hata siku moja. Nimembeba mgongoni tangu azaliwe, na sasa ni mzito. Mnamkumbuka pia marehemu mume wangu, Mutwiri, aliyekuwa akichomelea mageti pale Makutano. Kabla kifua hakijamuua, alianza kumtengenezea mtoto mashine: mbele pikipiki, nyuma magurudumu mawili ya gari kuukuu, katikati kiti chenye mkanda. Alikufa hajaimaliza. Tukamzika nyumbani kwenye migomba, na ndugu yake Gitonga akaimaliza.

Shule ya watoto kama Kendi ikakubali kumchukua. Lakini mwalimu mkuu akaniambia waziwazi, "Mama, mtoto haingii hapa na kitu ambacho hakijakaguliwa. Shule ikifunguliwa kama huna cheti, nafasi yake nampa mwingine." Hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu. Karatasi moja! Nikiikosa, Kendi anabaki kukaa kwenye gunia mlangoni akihesabu kuku maisha yake yote.

Kabla ya ukaguzi, ninyi akina mama mlikuja kwangu tukaiombea ile mashine. Tukaipaka mafuta usukani, kiti, na magurudumu yote matatu. Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko za wote. Gitonga akaipakia kwenye pikapu tukaenda Meru. Mkaguzi alikuwa mzee mmoja wa Embu, mtu wa maneno machache. Akaipanda, akafunga breki, akatikisa kichwa. "Haishiki. Rudini nayo." Gitonga akaapa kwamba breki ni mpya. Mimi nikajua mzee anataka chai. Nilimtukana moyoni kutoka Meru mpaka mlangoni kwangu.

Gitonga akakaza nyaya, akaenda zake. Sisi tukafanya nini? Tukaombea breki! Si shida imeshatajwa kwa jina? Mama mkwe wangu akapiga magoti nyuma na chupa yake, akamimina kwenye zile sahani za chuma zinazong'aa ndani ya gurudumu. Hakubakisha.

Ndugu zangu, siku hiyohiyo mambo yakaanza.

Ilikuwa saa sita mchana. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni, na mashine imesimama upande wa juu wa kiwanja, breki ya mkono imefungwa, hakuna mtu karibu. Ikaanza kutembea. Injini imezimwa! Haikukimbia. Ilitembea pole pole, kama inasukumwa na mtu mwenye subira. Kuku wakaipisha. Ikafika kwenye stoo, ikakata kona, ikaingia kwenye migomba, ikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga udongo wa kaburi la Mutwiri.

Mama mkwe akatoka jikoni, akaangalia, akaketi chini palepale.

"Mutwiri anaita mashine yake," akasema.

"Nyamaza, Mama!"

"Haya, nimenyamaza. Yeye je, atanyamaza?"

Tukairudisha Meru mara ya pili. Mkaguzi akashuka akinitazama vibaya. "Breki zimeharibika zaidi. Mnazifanyia nini huko?"

"Tunaziombea! Wewe unazifanyia nini?" Gitonga akanivuta kanga. Mzee hakukasirika wala hakucheka. Akaandika tu kwamba tumeanguka.

Tuliporudi, mama mkwe akazimiminia chupa nyingine.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nilimketisha Kendi kwenye kiti apazoee, nikamfunga mkanda, nikarudi ndani kuchukua sweta yake. Nikasikia anacheka. Nikatoka. Ndugu zangu, mashine inatembea na mtoto wangu juu yake, na ukungu umeshameza nusu yake! Nikakimbia mpaka kiatu kikabaki nyuma. Nikaona kivuli tu kikikata kona ya stoo. Nikaikuta palepale kaburini. Kendi alikuwa ameinama, anachezea msalaba wa baba yake.

"Umegusa nini wewe?"

"Sijagusa. Ni Baba alikuwa ananisukuma."

"Nani?"

"Baba. Mama usilie, alinisukuma pole pole. Ila mikono yake ni baridi."

Nikamfungua mkanda, nikambeba. Mama mkwe akasema, "Anamtaka mtoto wake. Choma hicho chuma leo." Na mimi, nimesoma mpaka kidato cha nne, nilitafuta kiberiti. Nasema ukweli, nilikitafuta.

Lakini hasira ikashinda woga. Nilienda kaburini mchana kweupe nikamgombeza mume wangu kama alipokuwa hai. "Mutwiri, umeniachia kila kitu, sasa unataka kunipokonya na huyu? Humpati!" Halafu nikapiga magoti. Nikasema, "Mungu, mimi nimechoka kukisia. Nionyeshe ni nani anaisukuma hii kitu." Hiyo tu. Hata amina sikusema.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, tukaenda mara ya tatu. Mama mkwe akakataa kubaki nyumbani. Tukiwa kwenye foleni, akainama nyuma ya gurudumu. Yule mzee wa Embu akamwona. Akaja, akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi, akapitisha kidole kwenye sahani ya breki, akakinusa.

"Hii si grisi," akasema. "Hii inanukia kanisa."

Mama mkwe akaficha chupa kwenye leso. Mzee akanigeukia. "Mama, breki ikilowa mafuta haishiki. Hata ya mkono haishiki. Kwenu ni mteremko?"

"Ni mteremko."

"Unaelekea wapi?"

Hapo, ndugu zangu, nikaishika mashine kwa mikono miwili. Kwa sababu mteremko wetu hauelekei kwenye migomba. Unashuka moja kwa moja mpaka barabarani, hakuna geti, hakuna ua, pale pikapu za miraa zinapita kama zimerushwa. Kaburi liko pembeni. Kulifikia lazima ukate kona.

"Unashuka barabarani," nikasema. "Lakini ilikata kona. Mara mbili."

Mzee akautazama usukani. "Nani alikuwa ameshika usukani?"

Akafuta kidole chake polepole, akasema tu, "Badilisheni pedi za breki, sahani zioshwe kwa petroli. Nitawangoja mpaka saa kumi."

Alingoja! Mzee niliyemtukana! Saa kumi kasoro akaipanda, akafunga breki, ikakita kama imepigwa msumari. Akapiga muhuri, akanipa cheti mkononi. "Mama, usukani uombeeni mnavyotaka. Breki niachieni mimi."

Nina hasira na sisi, msicheke! Nusura tumuue mtoto kwa amina zetu, na sababu ilikuwa inang'aa mbele ya macho yetu. Nina hasira na mimi kwanza. Lakini namshukuru Mungu, ambaye tulimharibia breki akashika usukani. Kama alishika mwenyewe au alimtuma nani, sijui. Mafuta yanaweza kulegeza breki. Mafuta hayajui kona.

Kwa hiyo wewe uliye na kitu kinachokutisha nyumbani kwako, mwamini huyu Mungu. Mwombe akuonyeshe. Na akikuonyesha kwa mkono wa mtu usiyempenda, upokee.

Kendi anaenda shule. Kila asubuhi tukifika kwenye kona ya stoo, anainua mkono kuelekea migomba na kusema, "Asante." Sijamuuliza anamwambia nani. Mimi pia nainua wangu.