Kiumbe wa Macho Saba

Kijana aliyepewa kazi ya kufufua ile tamthilia ya zamani ya runinga kuhusu sayari za mbali, kila wiki kisa kipya, alimwonyesha bibi aliyekaa naye kwenye basi kiumbe wake mpya ndani ya simu. Leo wakubwa wake wa kazi watamtazama kiumbe huyo. Wasipoogopa, kazi hana.

"Macho saba!" Bibi akaangua kicheko, hata dereva akageuka, Mungu atunusuru. "Mjukuu wangu, huyu anahitaji miwani. Zamani kwenye tamthilia hiyo tulisikia mlango ukikwaruzwa tu, tukalala wanne kitanda kimoja."

Kijana uso ukamshuka. Akafunika kioo kwa kiganja, ikabaki sauti ya kiumbe akihema. Bibi akamdaka mkono.

"Umeona nini, bibi?"

"Sijaona kitu. Ndiyo maana nimekushika."

"Lakini wakubwa wanataka macho!"

Basi likasimama kituo cha kijana kushuka, na bibi bado hajamwachia mkono.