Sampo za Ukuta wa Ghala

Mnanivutia kiti, mnaninunulia kashata, kumbe mnataka niwahadithie habari za ukuta. Si mngemuuliza aliyeutoboa? Haya, nyamazeni. Hapa Katoro, nyuma ya soko, lipo ghala la zamani la pamba, la matofali mabichi yaliyokandikwa udongo. Pamba iliondoka, wakaja watu wa dhahabu, ghala likabaki na popo wake. Kivulini mwake Bernadina huuza kahawa, na benchi lake lina wateja watatu wasiobanduka: Donatus, anayeitwa Karasha kwa sababu ana mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mdomo wake nao hauzimwi; Masalu, anayeitwa Profesa kwa kurudia darasa la saba; na Thobias, Antena, anayenasa hata habari zisizorushwa.

Mwaka mmoja akaja binti, Violeth, anayesomea shahada ya uzamili ya kuhifadhi majengo ya kale. Akawa anagonga ukuta, anausikiliza, anakwangua udongo kidogo na kuutia kwenye vifuko. Mzee Eustace, mwenye eneo, alitaka kuvunja ghala ajenge fremu za maduka. Akakubali kungoja hadi Alhamisi, mwalimu wa Violeth aje aseme kama linafaa kutunzwa.

Bernadina alimpenda yule binti kwa jambo moja. Violeth alimuuliza ni wanawake gani walioukandika ukuta ule, naye akamtajia jina la mama yake, Mageni, na binti akaliandika. Tangu azaliwe, Bernadina hakuwahi kuona mtu mwenye kalamu akiandika jina la Mageni bila kumdai ushuru.

Jumatatu asubuhi ukuta ukakutwa na shimo la kupita mbuzi.

— Fisi huyo, Antena akasema.

— Fisi anakula tofali? Bernadina akauliza huku akimimina.

— Wa siku hizi wanakula chochote, mayo. Maisha magumu.

Profesa akakohoa kisomi.

— Ni binti mwenyewe. Mtu asome digrii juu ya digrii, halafu aje Katoro kutazama udongo? Vile vifuko ni sampo, sampuli za mgodini. Anapima dhahabu.

— Ukutani?

— Wazee walichota udongo mtoni. Mto una dhahabu. Basi ukuta una dhahabu. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

— Mimi nilisikia Wajerumani walificha sanduku humo, Antena akaongeza. Na ramani iko chuoni kwao.

— We Thobias, ghala hili lilijengwa na ushirika. Wajerumani walishaondoka zamani, Bernadina akasema.

— Basi walirudi kulificha.

— Acheni ujinga! Karasha akafoka. Udongo ule hauna kitu. Magunia manne, hata pointi moja ya dhahabu haikutoka!

Bernadina akaacha kumimina.

— Magunia manne ya nini, Donatus? akauliza, safari hii bila kumwita Karasha.

Ikabidi aseme. Jana, watu wakiwa kanisani, alichimba, akasaga, akaosha. Hakupata hata chenga.

Ndipo Violeth akatokea.

— Shikamooni.

Hakungoja marahaba. Alikuwa amesikia maungamo ya Karasha; akaliona shimo, begi likamteleza begani.

— Nani aliyesema humu kuna dhahabu?

Profesa akamtazama Antena. Antena akamtazama Karasha. Karasha akatazama kahawa. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake.

Binti akapiga magoti mbele ya shimo, akainamisha kichwa mpaka Bernadina akadhani analia.

— Mama, njoo uone. Mimi sikuruhusiwa kukata ukuta, nilikuwa nakwangua juu juu tu. Tazama: nyekundu, nyeupe, kijivu, nyekundu tena. Kila mkandiko umelalia mwenzake kama chapati.

Bernadina akaingiza kichwa. Kwenye ule mwekundu wa ndani kabisa vilikuwa vimepita vidole vitatu vya mtu. Vya nani, hakujua, wala hakujifanya anajua. Akasema asante, bila kumlenga yeyote.

— Kumbe nimesaidia! Karasha akapata pumzi.

— Umesaidia kama panya kwenye gunia la mpunga, Bernadina akamjibu. Mwalimu akikuta hivi, Eustace atasema ukuta umekwisha.

— Naleta saruji. Sasa hivi naziba.

— Saruji hapana! Violeth akaruka. Inafungia maji ndani, udongo unaoza. Ukuta huu unataka udongo wake wenyewe.

Udongo wake wenyewe ulikuwa umelala kwa Karasha, kwenye rundo la marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Bernadina akamwonyesha njia kwa kidole.

Alhamisi mwalimu alishinda ukutani hadi jua la utosi, akasema mikandiko ile inatosha ghala litunzwe, akampa Violeth mkono, na Mzee Eustace akahamishia fremu zake upande wa barabarani. Bernadina akawapa wote kahawa ya bure, jambo ambalo halijatokea tena.

Na Karasha? Alibeba marudio yale kwa mgongo wake, akaokota mavi ya ng'ombe mnadani, akavua viatu na kukanyaga udongo mbele ya wanawake wa soko zima, waliomwimbia mpaka akasahau kujibu. Shimo aliliziba, ila wanawake hawakumwachia hapo. Kila mwaka kabla ya mvua ukuta wote ni wake, aukandike kwa viganja vitupu, huku Bernadina amesimama nyuma yake akimwonyesha alipopaacha.