Bi Kidawa binti Silima na Watu Wake wa Kajificheni

Marehemu Bi Kidawa binti Silima alizaliwa Makunduchi mwaka 1904. Nyuma yake alizaliwa ndugu mmoja tu, Simai, ambaye mwili ulikua lakini akili ikabaki ya utotoni.

Bi Kidawa alisoma chuoni kwa Mwalimu Sheha, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Simai alikataliwa chuoni, kwa hiyo Bi Kidawa akamsomesha nyumbani. Ilichukua miaka miwili Simai kuishika Alhamdu, na kila alipoimaliza aliuambia ukuta, “Marahaba.”

Mwaka 1923 aliolewa na Bwana Ame Nahodha, seremala wa Mkokotoni, wakahamia mjini, Kajificheni. Walijaaliwa mtoto mmoja, Khamisa.

Wazee wake walipofariki, Simai aliachwa kwa ami yao. Tarehe 3 Mei 1938 Bi Kidawa alikwenda kumtazama, akamkuta kwenye banda la mbuzi, amefungwa kamba mguuni, kidonda kimefika mfupani na mgongo umechanwa kwa bakora. Akachukua panga akaikata kamba. Ami akamtandika bakora tatu za uso.

“Piga, ami,” alimwambia, damu ikimwingia kinywani. “Lakini leo nnaondoka naye.”

Akaenda naye Kajificheni, na kuwalea watu kama Simai ndiyo ikawa kazi yake. Baada ya Simai alikuja Mwatum, ambaye kwao walimchoma mikono kwa maji ya moto ili akome kulia, kisha Mcha wa Tumbatu na wengine watatu. Bwana Ame alimchongea kila mmoja kitanda chake. Bi Kidawa hakuwataka wakae bure kama wagonjwa. Mwatum alichagua mchele, Mcha alikwenda sokoni Darajani peke yake, na aliyeshindwa kuoga alisaidiwa mlango umefungwa.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1957, mtoto alipotea Darajani. Mcha alimwona analia, akamshika mkono kumtafutia mama yake. Mtu akapiga ukelele kwamba mwendawazimu kaiba mtoto. Watu wakamkimbiza Mcha kwa mawe mpaka Kajificheni. Bi Kidawa akamwingiza ndani, akasimama mlangoni.

“Mtoe, Bi Kidawa.”

“Humu mna watoto wangu. Anzeni na mimi.”

Wakaanza naye. Jiwe lilimpasua kichwa, na nondo ikamvunja mkono. Mcha, alipomwona kaanguka, alitoka mwenyewe akamlalia juu, wakampiga mpaka meno manne yakamtoka. Walisita mama wa mtoto alipofika mbio na mwanawe. “Mtoto kanambia,” alisema. “Huyu mnayempiga alikuwa ananiletea yeye.”

Tangu siku ile Bi Kidawa hakupona. Kichwa kilimuuma, kifafa kikamshika, na mara nyingine alimsahau hata Khamisa. Bwana Msabah, aliyeshika nondo, alikuja kuomba radhi. Bi Kidawa akamjibu, “Radhi yangu nakupa. Ya Mcha kamwombe Mcha.” Alikwenda, na Mcha akamkatalia. Bi Kidawa hakumlazimisha.

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Februari 1958, alfajiri, kichwa chake mapajani mwa Mwatum.

Ameacha mume, Bwana Ame. Watoto Khamisa, Mwatum, Mcha, Sichana, Mkubwa na Kazija. Na ndugu yake Simai. Jamaa walioshauri nyumba ifungwe wamekwisha jibiwa: Khamisa amehamia Kajificheni, na leo asubuhi ndiye aliyewapikia watu wa nyumba uji.

Mola ampanulie kaburi lake, apumzike salama.